Fundi Anapima Tena

Bweni la Pili
2 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa afya, na natumaini wewe na kaka pia hamjambo.

Niliposoma kwamba chumba kizima cha kumalizia kimekuchagua wewe uwe msomaji, niliirudia ile barua mara mbili nikiwa nimesimama. Nimewaeleza wenzangu utaratibu wenu: baada ya chakula cha mchana mmoja anakaa karibu na dirisha, anasoma hadithi kwa sauti saa nzima, na wale wengine kumi na tisa wanagawana mashati yake na kuyatia vifungo kwa niaba yake. Hawakuamini kwamba kuna kiwanda cha namna hiyo. Mmoja alisema hata yeye sasa anataka kuwa mshonaji. Huyo hajui kutunga uzi kwenye sindano.

Uliniomba kitabu kizuri kuliko vyote. Ndani ya kifurushi hiki kuna riwaya iitwayo *Ukuta wa Mashariki*. Mwalimu wa maktaba ameniazima kwa muhula mzima, baada ya mimi kumwandikia barua rasmi ya maombi. Ni kitabu kikubwa, kurasa mia nne na kumi na nane. Kinamhusu mwashi aliyeitwa kujenga ukuta kwenye nyumba ya dada wawili. Kuna mahali, mama, ambapo dada mkubwa anaweka kiganja kwenye ukuta ambao haujakauka na kulia, na fundi anaosha mwiko wake akijifanya hamwoni. Nilipofika hapo nilisahau kwamba niko darasani.

Nakuhakikishia kwamba hata msimamizi wenu, Mama Futi, ataivua ile futi yake shingoni akae kusikiliza.

Ni mimi mwanao akupendaye.


Nyumbani
14 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kifurushi kilifika salama, na kamba yake nimeiweka, itafaa. Kaka yako anakusalimu, anauliza kama shuleni bado wanawapa uji mwepesi.

Sasa nisikilize. Huyu fundi wako ana matatizo gani? Jumatatu alifika kwenye ile nyumba akapima ukuta. Jumanne akapima tena. Jumatano alikwenda kununua saruji, njiani akatazama mawingu kurasa tatu, akarudi, akapima. Dada Mkasi, yule anayekata nyuzi zilizobaki na ulimi wake unakata zaidi, akaniuliza mbele ya watu, "Msomaji, huyo fundi analipwa kwa siku au kwa kazi?" Chumba kizima kilicheka. Na mimi nilicheka, ningefanyaje.

Alhamisi Bibi Pindo alilala. Miaka thelathini anapiga mapindo pale, hakuna aliyewahi kumwona amesinzia. Alilala na sindano mkononi.

Basi jana Mama Futi akaingia. Unajua kwamba hii saa ya kusoma aliikuta, iliachwa na msimamizi wa zamani, na yeye haijamkaa rohoni hata siku moja. Akakuta watu wanapiga soga juu ya sauti yangu, wawili wamenipa mgongo kabisa. Akasema, "Ijumaa ya tarehe kumi na tatu Machi mtapiga kura. Mkikikataa kitabu hiki, naleta redio. Redio inajisemea yenyewe, na kila mtu atashona mashati yake."

Mwanangu, saa ile nina sababu zangu za kuitaka. Nisiipoteze kwa ajili ya mtu anayepima ukuta. Wewe umekisoma, niambie tu kinachangamka ukurasa wa ngapi, nijue navumilia mpaka wapi.

Mama yako.


Bweni la Pili
18 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimeipata barua yako leo baada ya kipindi cha hesabu.

Nakiri kwamba imenikera kidogo. Si wewe, ni wao. Dada Mkasi anawezaje kukihukumu kitabu cha kurasa mia nne kwa siku tano? Tumefundishwa kwamba mwandishi mzuri hutayarisha mazingira kwanza, kisha huwaleta wahusika, na mgogoro hukua taratibu. Msomaji anapaswa kuwa na subira. Tafadhali waeleze hivyo kwa upole.

Labda pia ujaribu kubadilisha sauti kwa kila mhusika, na kutua vizuri penye nukta. Mwalimu wetu anasema usomaji mbaya unaweza kuua hata maandishi mazuri. Sisemi kwamba unasoma vibaya, mama.

Kinachangamka sura ya kumi na mbili.

Ni mimi mwanao.


Nyumbani
22 Februari

Mwanangu,

Marahaba.

Nimewaeleza kwa upole. Dada Mkasi amesema asante kwa mafunzo, na kuanzia sasa wewe unaitwa Profesa.

Nimejaribu kubadilisha sauti. Dada mkubwa nikampa sauti nyembamba, fundi nikampa nzito, nikakohoa mpaka nikaletewa maji. Bibi Pindo akasema, "Rudisha sauti yako, mama, hawa wawili wote wanaumwa."

Halafu nikaitafuta hiyo sura ya kumi na mbili. Iko ukurasa wa mia mbili na sitini. Nasoma kurasa tisa kwa siku, maana mashine za chumba cha pili zinapiga kelele na wale wa nyuma wananirudisha. Juzi tuliishia ukurasa wa tisini na mbili. Nimehesabu na kaka yako amehesabu: mpaka siku ya kura nitakuwa sijafika. Watu watapiga kura wakiwa wamesikia fundi anapima, na hawajasikia kitu kingine.

Lakini kuna jambo moja limenipa moyo. Ijumaa Bibi Pindo aliuliza, "Huyo dada mdogo aliye ghorofani, mbona hashuki?" Ni mara ya kwanza mtu kuuliza swali ambalo si la kejeli. Wengine wakaacha kushona, wakasubiri jibu. Nikasema mwanangu amekisoma chote, nitamuuliza, nitawaletea.

Basi nijibu hilo tu. Kwa nini hashuki? Nikiwapa hata kijipande, nitawashika wiki nzima.

Mama yako.


Bweni la Pili
26 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo.

Sijui kwa nini dada mdogo hashuki. Sijui kwa sababu sijakisoma kitabu.

Nimeiandika sentensi hiyo kwenye karatasi ya kujaribia kwanza ili nione kama nitaweza kuiandika hapa.

Muhula uliopita mwalimu wa lugha alitupa kifungu cha ufahamu, ukurasa mmoja wenye maswali kumi chini yake. Kilikuwa kile cha kiganja na ukuta. Mwishoni palikuwa na jina la kitabu na maneno "sura ya kumi na mbili". Nilipata alama zote kumi, na nilikipenda kuliko chochote nilichowahi kupewa kukijibia maswali. Uliponiomba kitabu kizuri kuliko vyote, kilinijia hicho. Nilifikiri kitabu chenye ukurasa mmoja kama ule lazima kurasa zake zote ziwe hivyo. Kisha ukaniandikia kama mtu aliyekisoma, na nikajibu kama mtu aliyekisoma.

Maktaba ilikuwa na nakala ya pili. Niliichukua siku ileile barua yako ya kumlalamikia fundi ilipofika, na sasa niko ukurasa wa sabini na tano. Mama, nimekasirika. Kwenye ukurasa wa thelathini na tatu nimepiga miayo minne. Ukurasa wa hamsini na moja fundi anabadilisha mpini wa nyundo, na hiyo nyundo haitumii. Dada Mkasi hakukosea hata neno moja. Kila jioni nasema nakifunga, halafu nakumbuka kwamba wewe huwezi kukifunga kwa sababu yangu, nafungua tena.

Nafikiri uruke. Nenda moja kwa moja sura ya kumi na mbili kabla ya kura. Ule ukurasa nina uhakika nao, huo nimeusoma kweli.

Nisamehe. Na naomba usiwaambie akina Dada Mkasi.

Ni mimi mwanao.


Nyumbani
4 Machi

Mwanangu,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikaiweka, nikaenda kufua, nikarudi nikaisoma tena. Sikuandika siku hiyo kwa sababu ningeandika vibaya.

Nilifanya ulivyosema. Jumatatu, tukiwa tumefika ukurasa wa mia moja thelathini na saba, nikatangaza kwamba tunaruka, tunakwenda penyewe. Watu wakafurahi, wakakaa vizuri, hata wale wa nyuma wakasogeza viti. Nikasoma sura ya kumi na mbili yote. Nilitua penye nukta. Nikafika kwenye kiganja, nikasoma polepole kama dua. Nikamaliza, nikainua kichwa.

Dada Mkasi akasema, "Sasa anayelia ni nani?"

"Dada mkubwa."

"Analilia nini? Ukuta si umeisha? Mimi ningeshangilia."

Mwingine akauliza kama ni saruji imemwingia machoni. Ukazuka ubishi kuhusu saruji mpaka kengele ikalia. Nilikuwa na kadi moja mkononi, nimeitupa. Toka jana nawasomea kile kitabu cha hadithi fupi alichoacha msomaji aliyestaafu. Wanakijua kwa moyo, wanamalizia sentensi kabla yangu.

Sasa na mimi nikuambie langu, kwa kuwa tumeanza kuambiana. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vinakufa ganzi. Vilianza mwaka jana. Asubuhi vinanisikia, ikifika mchana vinaondoka, sindano naishika kwa macho tu. Ile saa moja ya kusoma, wenzangu wakiwa wamegawana mashati yangu, ndiyo inayonifikisha jioni bila mtu kujua. Redio ikija, mashati yangu yote yatabaki kwangu, na Mama Futi ataona ndani ya wiki moja. Mtu asiyeshika sindano hana kiti kwenye chumba cha vifungo. Ndiyo maana nilikuomba kitabu kizuri kuliko vyote.

Sikutaka ulijue hili ukiwa na masomo. Lakini nimechoka kukasirika peke yangu.

Kura ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Mama yako.


Bweni la Pili
8 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tafadhali nenda ukaonane na daktari. Nakuomba kabla ya kusema jambo lingine, na nitakuuliza tena kwenye kila barua.

Nimelia, halafu nimejikasirikia, halafu nimesoma. Wenzangu wanakwenda michezo, mimi nakaa nyuma ya jukwaa la uwanja na kitabu. Jana nilifika sura ya kumi na mbili kwa miguu yangu mwenyewe, kupitia kurasa zote mia mbili hamsini na tisa. Nataka nikueleze nilichokikuta, wewe peke yako.

Dada mdogo hashuki kwa sababu anakaa kwenye dirisha la mashariki akimngoja mumewe, na mume hatarudi. Dada mkubwa amechoka kumwona akingoja. Ukuta aliomwita fundi kuujenga ni wa kuziba lile dirisha. Fundi analijua hilo mapema, ila mwandishi hasemi, anatuonyesha tu akipima. Anapima tena na tena kwa sababu hataki kuanza. Anachelewesha kwa makusudi, mama. Hata ule mpini wa nyundo.

Na kwenye kile kifungu changu cha ufahamu, mwalimu alikuwa ameruka mistari kumi na minne na kuweka nukta tatu, ili kitoshe kwenye ukurasa mmoja. Kwenye hiyo mistari, wakati dada mkubwa analia, fundi anahesabu moyoni mara alizopima. Ni kumi na saba. Nilirudi nyuma nikahesabu, na ni kumi na saba kweli. Mtu aliyeruka hawezi kuona chochote pale, anaona saruji tu. Mimi nilipata alama kumi kwa ukurasa ambao sikuuelewa.

Sijui kama hii inatosha kumfanya mtu avumilie kurasa zote hizo. Mwanzo bado unachosha. Sitakuambia tena kwamba nina uhakika.

Ndani nimeweka barua nyingine, ya wenzako wote. Naomba uwasomee kabla ya kura. Na mama, waambie kuhusu vidole. Wasije wakapiga kura ya kitabu bila kujua kwamba ni kura ya kiti chako. Mimi niliwaficha kitu kidogo, na angalia tulipofika.

Ni mimi mwanao.


Bweni la Pili
8 Machi

Kwa Washonaji wote,
Chumba cha Kumalizia.

YAH: KITABU NILICHOWAPENDEKEZEA BILA KUKISOMA

Shikamooni.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ndiye niliyempa mama *Ukuta wa Mashariki*, na nilikuwa nimesoma ukurasa wake mmoja tu. Mama hakujua. Alinitegemea, na ninyi mkamtegemea yeye. Naomba radhi.

Sasa nimekisoma mpaka sura ya kumi na mbili, kwa hiyo ninaweza kuwaeleza nilichokiona. Kurasa mia moja za kwanza zinachosha. Nilipiga miayo, nilikitupa kitandani mara mbili. Kuanzia kama ukurasa wa mia na sitini nilianza kuwa na wasiwasi bila kujua sababu. Kwenye ukurasa wa mia mbili na sitini nililazimika kufuta tone la machozi kwenye mali ya shule.

Anayelia haulilii ukuta, na si saruji. Sitawaeleza zaidi, kwa sababu nikiwaeleza nitakuwa nimewarukisha tena.

Siwaombi mwendelee. Ninyi ndio mnaokaa pale. Nilitaka tu safari hii mpige kura mkiwa mmeambiwa ukweli.

Wenu mtiifu,
Mtoto wa Msomaji.


Nyumbani
14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nitakwenda kwa daktari Jumanne. Usiulize tena, nimesema nitakwenda.

Barua yako ilifika Alhamisi, nikalala nayo. Ijumaa baada ya chakula nikasimama nikawasomea ile ya wote. Toka nianze kusoma pale, hicho ndicho kitu cha kwanza walichokisikiliza kimya mpaka mwisho. Hata mashine za chumba cha pili nilizisikia zimekuwa mbali. Mama Futi alikuwa amesimama mlangoni.

Nilipofika kwenye "wenu mtiifu" Dada Mkasi akasema, "Kwa hiyo Profesa alitupa dawa ambayo hajaionja."

"Ameionja sasa," akasema Bibi Pindo. "Wewe umewahi kurudi kumwambia mtu umekosea?"

"Mimi sijawahi kukosea."

Wakacheka. Nikaona wakicheka ndio wakati, nikasema, "Kabla hamjapiga kura, kuna neno langu pia." Nikanyoosha mkono wa kulia mbele yao. Nikaanza, "Toka mwaka jana..."

"Kaa chini," akasema Bibi Pindo.

"Bibi, ngoja nimalize."

"Kaa chini, mama. Unafikiri tulikuchagua kwa sauti? Una sauti ya bawaba kavu. Shati likitoka kwako lina vifungo saba, vitatu vinacheza. Toka mwezi wa kumi navifumua navishona upya. Siku nikizidiwa, huyu ananisaidia." Akamwonyesha Dada Mkasi kwa kidevu. Dada Mkasi akajifanya anatafuta kitu sakafuni.

Mwanangu, nilikaa. Miezi yote hii najificha kwenye chumba ambacho watu kumi na tisa wanajua nilipo.

Nikamtazama Mama Futi. Nikasema moyoni, sasa basi. Akaishika futi yake ncha mbili, akasema, "Vifungo nahesabu vya chumba, sihesabu vya mtu mmoja mmoja. Upungufu sijauona. Ije redio, kibaki kitabu, mashati yake mgawane kama mnavyogawana. Sasa pigeni hiyo kura ya kitabu, mzigo unasubiri."

Ujue kwamba hajawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo.

Basi likapitishwa kopo. Kifungo cheupe tuendelee, kifungo cheusi redio. Kila mtu akatumbukiza mkono wake kwa siri, na mimi nikatumbukiza wangu. Mama Futi akamwaga juu ya meza, akahesabu mara mbili. Vyeupe kumi na viwili, vyeusi vinane.

Dada Mkasi akasema cha kwake ni cheupe na hataki kuulizwa. "Nimeshamwona analia. Siwezi kukaa na mtu analia kichwani mwangu bila kujua analilia nini."

Nikaona baada ya siku kama ile, nikificha tena nitakuwa mjinga. Nikawaambia kwamba kimoja kati ya vile vyeusi ni changu. Ni kweli, mwanangu, na usinune. Wakati kitabu kilikuwa kimebeba kiti changu, nilikisoma kwa hofu, sikujua hata kama nakipenda. Kiti kilipopata miguu yake, nikakitazama kitabu chenyewe, nikaona kinanichosha. Umenieleza vizuri kwamba fundi anachelewesha kwa makusudi. Nimekuelewa. Lakini hata akichelewesha kwa makusudi, bado anachelewesha.

Chumba kikapiga kelele, wengine wanasema msomaji hana haki ya kura, wengine wanasema basi ihesabiwe upya. Bibi Pindo hakuinua hata kichwa. Alikuwa ameshavuta mashati yangu, anagawa, hili kwako, hili kwako.

"Kura yako tumeiona," akasema. "Ukurasa wa mia moja thelathini na nane. Soma."

Mama yako.